Radhi za Kwenda Juani

Mavyaa wangu alikuwa mwanamke wa kuogopwa, na katika nyumba ile nadhani hakuna aliyemwogopa kuliko mimi. Niliolewa Chole zamani za Mdachi, nikavushwa ghuba kutoka kwetu kisiwa kikubwa na kasha moja la nguo na wasia mrefu wa mama yangu. Wasia wenyewe ulizunguka ukarudi palepale: usimjibu mkweo. Akikupa, pokea, akikunyima, nyamaza, akikutuma, usiulize njia. Niliingia nyumba ile na wasia wangu kama mtu aliyejitwika mtungi uliojaa, naogopa hata kugeuza shingo.

Alikuwa mrefu, maji ya kunde, na pua aliyoachiwa na babu yake Mmanga. Funguo zote za nyumba alizifunga kwenye pindo la kanga yake, ukawa unamsikia kabla hujamwona. Mumewe alipokufa alimwachia minazi na mtoto mmoja wa kiume, na wale waliodhani minazi hiyo italiwa na wasimamizi walikata tamaa mapema. Wakwezi wakigombana walikuja kwake, wakakaa barazani, naye akawasikiliza nyuma ya mlango uliorudishwa nusu, inatoka sauti tu. Akishasema, yamekwisha. Mimi nikikuna nazi jikoni nilimsikia, na moyoni nikisema, lau mwanamke huyu angevaa kilemba, Chole ingepata liwali wa kweli.

Siri yake niliijua Ramadhani yangu ya kwanza. Kusema kweli haikuwa siri, nyumba nzima waliijua, ila hakuna aliyeitamka. Mchana wa saumu, ikishapita adhuhuri, mavyaa alianza kupiga miayo. Miayo juu ya miayo, machozi yanamtoka, pua inamchuruzika, jasho limemlowesha shingo na huku amejifunika shuka anasema anaona baridi. Nikadhani ni homa. Nikamwambia mume wangu tutafute dawa; akatazama pembeni, akasema saumu humchosha mama. Magharibi watu walipofuturu, mavyaa hakuanza na tende. Alifungua kijaluba kidogo cha fedha, akatoa kitu cheusi mfano wa mbegu ya papai, akakitia mdomoni na kukisukuma kwa kahawa chungu. Kabla hatujamaliza kula alikuwa mtu mwingine kabisa, uso umekunjuka, anatutania. Alinikamata ninamtazama, akaniambia nile, chakula kinapoa.

Ilikuwa kasumba, yaani afyuni. Vijana wa leo nikiwasimulia hawaamini, lakini wakati ule kasumba ilikuwa kitu cha dukani, ikikaa pamoja na sindano na ubani. Mwenye jino aliiweka juu ya jino, mwenye tumbo la kuendesha aliimeza, na mama mwenye mtoto asiyenyamaza alimlambisha kidogo kwa ncha ya kidole. Hakuna aliyeiita ulevi. Mlevi alikuwa mnywa tembo, anayeyumba njiani na kutukana wakwe za watu. Mavyaa hakuyumba wala hakutukana. Alikaa tu kitini, macho yamelegea, anajikuna mkono taratibu, na asubuhi nzima ikampita mbele yake. Kasumba ikimpungua akainuka, akachukua funguo zake na kuendesha mashamba kwa nguvu ya watu watatu. Hata sasa najiuliza angefanya makubwa gani lau angeupata na ule muda wa kitini.

Kisha nikashika mimba. Ilipoanza kuonekana mavyaa aliniita chumbani kwake. Alinionyesha kitanda nikae. Nikakaa chini kwenye mkeka, maana kitanda cha mavyaa hakikaliwi na mkamwana. Hakunilazimisha. Alikizungusha kijaluba vidoleni, halafu akaniambia jambo ambalo hata mume wangu hakulijua vizuri.

Baada ya kumzaa mume wangu, alizaa mtoto wa kike. Mtoto akawa na msokoto wa tumbo, analia hanyamazi, mwenye nyumba halali, jirani halali. Akamlambisha kasumba kama walivyolambishwa watoto wote wa Chole, kama alivyolambishwa yeye mwenyewe utotoni. Mtoto akalala, na hakuamka.

"Siambii watu kuwa ni kasumba iliyomuua," akasema. "Watoto hufa. Lakini mkono uliomlambisha ni huu hapa."

Baada ya msiba ule yeye naye hakuweza kulala, na wanawake wa mtaani, kwa kumwonea huruma, walimpa kitu kilekile apate usingizi. Akaupata. Tangu siku hiyo hakuwahi kuupata kwa njia nyingine.

Nilikaa pale mkekani sijui pa kuweka macho. Nilikuwa na hofu yangu mwenyewe, ambayo sikumwambia mtu, kwamba mtoto wangu akilia mavyaa atamtuliza kwa kidole chake, na mimi kwa wasia wa mama yangu nitanyamaza. Kumbe hofu yangu alikuwa nayo yeye, tena kubwa kuliko yangu.

"Mtoto huyu simshiki na kijaluba hiki kimo nyumbani," akasema. "Nakwenda kuiacha. Nikishindwa hutanipa mtoto, hata nikulilie. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia.

Ng'ambo, Juani, palikuwa na mwanamke mmoja, mkulima wa mtama na muhogo, aliyesifika kwa kuwaachisha watu kasumba. Hakuwa mganga, hakupunga pepo, hakuandika kombe, hakuchinja kuku. Alianza na mumewe, aliyerudi kutoka bara na tabia hiyo. Akamweka bandani, akamnywesha uji na kumkanda mafuta ya nazi mpaka akapona. Akaletewa shemeji yake, akaletewa jirani, mwisho watu wakawa wanavuka maji kumtafuta. Mavyaa alimpeleka mjumbe, na mjumbe akarudi na masharti yasiyozungushwa maneno. Haji mtu aliyeburutwa. Aje kwa miguu yake. Aje kasumba yake imekwisha kupunguzwa, maana mla donge kubwa akikatiwa ghafla huweza kufa, na yeye maiti bandani kwake hataki. Na kabla hajaja, majirani zake wote wawe wameambiwa anakwenda wapi na anakwenda kufanya nini.

Sharti hili la mwisho alilitolea maelezo. Wako watu waliokuja kwake kwa siri, wakapona, wakarudi kwao kwa siri. Siku moja mtu kashikwa na tumbo, jirani mwema asiyejua kitu kamletea chembe ya kasumba kama dawa, na kazi yote imekwenda na maji. Alisema majirani wema wamemharibia kazi kuliko hata mwenye duka.

Kazi ya kupunguza nilipewa mimi. Mavyaa alitoa donge lote kijalubani, akaniwekea kiganjani pamoja na kisu chake cha kukatia popoo. Nimkatie asubuhi na baada ya alasiri, kila siku chembe iwe ndogo kuliko ya jana, na akitaka zaidi nimnyime. Niliinamia donge lile kiganjani. Kwetu mtu aweza kupoteza mali, akapoteza hata macho yake, watu wakampa pole. Lakini akikosa radhi ya mzazi hakuna wa kumpa pole, na mavyaa ni mzazi. Mimi nimnyime, yeye anikasirikie, na mimba hii tumboni?

Aliona. Akaniinua kichwa kwa mikono miwili, jambo ambalo hajapata kulifanya.

"Sikiliza, mwanangu. Iko siku nitakutukana. Nitakwambia sikupi radhi yangu. Siku hiyo hutakuwa unasema nami. Basi radhi nakupa leo, ningali na akili zangu, Mungu shahidi. Nitakayosema huko mbele hayaivunji."

Nimeishi miaka mingi na nimeona wazazi wa kila namna, lakini sijamwona mwingine aliyemwekea mtu radhi ya akiba. Nilitoka chumbani mle na donge limefungwa kwenye pindo la kanga yangu, nalia, sijui nalia nini.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Wakati wake ukifika alisimama mlangoni kwangu akasema, "Nipe, mwanangu," nami nikamkatia. Akirudi kabla ya wakati akasema tena, "Nipe, mwanangu," nami nikitazama sakafu nikajibu, "Sikupi, mama." Siku za mwanzo neno hilo nililitoa kwa mnong'ono. Yeye alilipokea, akageuka, akaenda zake ukumbini kutembea huku na huku, miayo inamfuata. Hakupumzika. Alifua nguo ambazo zilikuwa safi, akapepeta mchele uliokwisha kupepetwa, akawaita wakwezi wahukumiwe kwa ugomvi waliokwisha kuusahau. Miguu ilimuuma usiku kucha, na asubuhi alinisalimu kwa uso wa mtu aliyelala vizuri. Sikuwa na la kumfanyia ila kumkanda mashavu ya miguu, na kumkanda huko ndiko kulikonizoesha naye.

Siku ya matusi ilikuja kama alivyoahidi. Ilikuwa mchana, donge limebaki dogo la kutazamwa kwa makini. Alikuja mlangoni kabla ya wakati, nikamjibu jibu letu, na hakugeuka. Alianza na mimi, akapanda kwa mama yangu, akampitia na bibi yangu ambaye hakupata kumwona. Akasema nimekuja kumwibia nyumba na mtoto, na sasa nataka kumwua. Nikazidi kulikamata pindo la kanga. Akasema lile la radhi, kwamba hanipi, duniani wala akhera. Nywele zilinisimama. Nilijua aliniambia mapema, nilijua ana shahidi, lakini mwili haujui hayo. Mtoto tumboni akapiga teke. Nikajikaza kisabuni.

"Sikupi, mama."

Akateremka polepole akakaa kizingitini, mgongo umeegemea mwimo wa mlango, machozi na kamasi vinamtoka pamoja. Nami nikakaa. Tulikaa hivyo, mtu na mkwewe, kila mmoja anafuta uso kwa kanga yake. Mwisho akaniuliza nimeficha wapi. Nikamwambia sisemi. Akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Nimepata mkamwana mbaya," akasema. "Alhamdulillahi."

Mume wangu yalimchoma mengine. Alikuwa mtu mwema na mtoto mtiifu, lakini alilipenda jina la nyumba yao. Shauri lake lilikuwa kwamba mama aende, na watu waambiwe amekwenda Juani kutazama shamba. Vipi awakusanye majirani kujianika mwenyewe? Watasema kwamba mama yake ni mla kasumba. Mavyaa alikuwa anakunywa uji, akaweka bakuli chini akamuuliza, "Watakuwa wameongopa?" Mume wangu akatoka kwenda kutazama minazi, nayo ilikuwa imetazamwa asubuhi.

Basi mavyaa akaanza kuaga, na hapo ndipo tulipokosea sote wawili. Aliona si adabu kuingia nyumba ya mtu na habari yake ya kasumba kabla hajamtaka radhi kwa yale ambayo kasumba ilimfanyia huyo mtu. Wapo aliowaahidi kuwauguza akalala. Yuko mmoja ambaye katika msiba wa mumewe mavyaa alisinzia hadharani, kichwa kimeanguka kifuani, watu wakatazamana. Kwa hiyo alipanga kutanguliza radhi, na habari ya kasumba ifuate. Alivaa vizuri, akajitanda ukaya, nami nikafuata nyuma. Nyumba ya kwanza, baada ya salamu, akasema, "Nimekuja kutaka radhi, maana ninasafiri."

Mtu wa kwetu hahitaji kusikia zaidi. Anayezunguka mlango kwa mlango kutaka radhi ni mtu anayekwenda kuhiji, hakuna mwingine. Yule mama alimkumbatia, akabubujikwa na machozi, akasema amemsamehe yote naye asamehewe yote, kisha akapiga kigelegele kilichosikika mpaka pwani. Mavyaa alifungua mdomo kuendelea, akaombewa dua. Akafungua tena, akaletewa maji ya waridi. Nyumba ya pili walikuwa wamekwisha kusikia kigelegele na walitungoja mlangoni. Ya tatu hatukufika kwa miguu yetu, tulichukuliwa. Mpaka alasiri Chole nzima ilijua kwamba mavyaa wangu anakwenda Maka, na watu waligombana ni nani aliyelijua hilo kwanza.

Zikaanza kuja amana. Huyu tasbihi ikagusishwe Kaaba, huyu chupa ya kutilia zamzam, huyu majina ya wazazi wake waliokufa ili waombewe huko. Zikaja sahani za visheti vya njiani. Mwalimu wa chuo akapeleka salamu kwamba yuko tayari kumfundisha taratibu za hija. Na jirani yetu wa ukuta mmoja, bibi kizee ambaye macho yake yalikuwa yamefifia na ambaye kwa miaka alikuwa mwosha maiti za wanawake pale mtaani, alikuja mwenyewe, anapapasa ukuta, na pakacha kwapani. Ndani ya pakacha mlikuwa na sanda yake. Bafta nyeupe, imekunjwa, imefukizwa udi. Alimwomba mavyaa aitose katika zamzam amrudishie, ili azikwe nayo.

Jioni mume wangu aliingia, akaviona vitu vimepangwa ukumbini, akacheka kwa mara ya kwanza katika siku nyingi. Akasema Mungu mwenyewe ameleta stara. Mama aende Juani kimya, watu wadhani yuko safarini. Akirudi mzima aseme alikosa meli Unguja, nani atauliza? Nami, niseme kweli, nilimwona ana akili. Mavyaa alikuwa ameiweka ile sanda mapajani, anaipapasa mikunjo yake.

Asubuhi aliniamrisha nipike kaimati na kahawa ya watu wengi. Akawaita wanawake wote walioleta amana. Walikuja wamevaa doti mpya, wametia wanja, maana kualikwa kwa anayekwenda Maka ni baraka. Mavyaa alikaa mbele yao kwenye mkeka, amekwisha kula chembe yake ya asubuhi ambayo haikutosha hata kumtuliza mikono, na amana zote amezipanga mbele yake. Aliwaacha wanywe kahawa kwanza. Kisha akasema:

"Vitu vyenu hivi hapa, kila mtu na achukue chake. Siendi Maka. Nakwenda Juani, kwa yule mwanamke anayeachisha kasumba. Ninakula kasumba tangu mwanangu alipokufa, na mwanangu mwenyewe nilimlambisha kasumba kwa mkono huu. Nyinyi mwajua, mmenisitiri, Mungu awasitiri. Sasa nawaomba msinisitiri tena. Nikirudi nikasema tumbo laniuma, jino laniuma, mtu asinipe hata chembe. Na mjukuu wangu akizaliwa akilia, mwacheni alie."

Nimesikia hotuba nyingi baadaye, za wanaume waliosimama juu ya vitu virefu. Ile ya mkekani sijaona mfano wake. Hakulia, hakujitetea, hakumtaja aliyempa chembe ya kwanza, naye mtu huyo alikuwa amekaa pale pale ana kikombe mkononi. Nilijivuna kuwa mkamwana wake mpaka nikasahau birika mikononi, kahawa ikanimwagikia mguuni.

Msichana mmoja aliponyokwa na kicheko, mama yake akamfinya. Halafu mmoja akainuka akachukua tasbihi yake bila kumtazama mavyaa usoni, mwingine chupa yake, na mwingine na mwingine, mpaka mkekani ikabaki sanda peke yake. Bibi kizee hakujisogeza. Mavyaa alidhani hakuona, akaiokota sanda akampelekea pale alipokaa.

"Sanda yako, bibi."

"Huko Juani kuna kisima?" bibi akauliza.

"Kipo."

"Basi kaitose huko huko. Mungu anisamehe, nimewaona wengi wamekwenda Maka wakarudi vilevile. Wewe ukirudi umeshinda, nitazikwa nayo na roho yangu nyeupe."

Hapo ndipo mavyaa alipolia. Aliweka kichwa kwenye magoti ya bibi yule, akalia kama mtoto, na wanawake waliokuwa wamekwisha kuvaa viatu wakavua tena.

Siku ya kuvuka alikula chembe ya mwisho, haikuzidi kiroboto, akakitupa kijaluba chooni, fedha na yote. Kisha akafungua pindo la kanga yake na kuzifunga funguo kwenye langu, moja moja, ananiambia hii ya ghala, hii ya kasha la nguo, hii ya chumba cha nazi, kana kwamba sizijui. Fundo lilimshinda mara mbili, nami sikumsaidia, kwa kuwa niliona hataki.

Mume wangu hakutafuta mtu wa kutuvusha. Alichukua mtumbwi, akashika pondo yeye mwenyewe, adhuhuri, jua la utosi, maji yamejaa na watu wote wako pwani. Hilo nalo nimempendea mpaka alipokufa. Wanawake walikuja kutuaga. Hawakupiga kigelegele, hawakujua kama kinafaa. Ila zile sahani za visheti ambazo walizichukua walizirudisha, kwa maelezo kwamba safari ni safari.

Tulipofika Juani yule mwanamke alitoka shambani na jembe begani, mfupi, matope mpaka magotini. Hakutukaribisha kwa maneno mengi. Alimuuliza mavyaa kama amewaambia majirani. Akamwambia amewaambia. Wote? Wote. Kisha akaiona sanda mikononi mwa mgeni wake, akarudi nyuma hatua.

"Umekuja kufia kwangu?"

"Nimekuja kutosa amana ya mtu," mavyaa akasema.

Banda lilikuwa la makuti, kuta za udongo, ndani kitanda cha kamba na mtungi. Mavyaa alitazama ndani, akasimama mlangoni. Niliona miayo imemjia. Akageuka akanitazama mimi, si mwanawe.

"Nipe, mwanangu," akasema.

Sikuwa na kitu, naye alijua sina. Lakini nilielewa anataka nini.

"Sikupi, mama."

Akatikisa kichwa kukubali, akainama, akaingia.

Nilijifungua yeye yuko huko. Mtoto wa kike. Mume wangu alivuka kupeleka habari, akazungumza naye nje ya ukuta, naye aliuliza jambo moja tu, mtoto analia? Akaambiwa analia sana, hatulali. Akasema vizuri. Aliyoyapata mle bandani sikuyasikia kwake hata siku moja. Niliyasikia baadaye kwa yule mwanamke wa Juani. Alitapika hata maji. Aliupiga ukuta kwa visigino mpaka udongo ukamomonyoka. Mlango haukupata kufungwa kwa komeo, wala hakutoka. Kila akizidiwa aliishika ile bafta akawa anahesabu mikunjo yake.

Alirudi nilipokuwa natoka arobaini. Nilisikia watu njiani kabla sijamwona, maana sasa hakuwa na mlio wa funguo wa kumtangaza. Hakuja kwetu kwanza. Alipita nyumba ya ukuta mmoja, nikasikia sauti ya bibi kizee ikiuliza kama imekauka, na sauti ya mavyaa ikijibu kwamba bado ina unyevu kidogo. Kisha nikasikia maji yanamiminwa uani, ananawa, ananawa tena. Akaja akasimama mlangoni kwangu, pale pale alipozoea kusimama. Alikuwa amekonda, kanga imemzidi, macho makubwa na meupe kama sijapata kuyaona. Mtoto alikuwa analia mikononi mwangu. Nilianza kufungua pindo nimrudishie funguo, hakuzitazama.

"Nipe, mwanangu."

Safari hii sikutazama sakafu. Nikampa.